Dola ikipanda na ushuru ukibadilika: namna ya kulinda mtaji wa biashara ya mzigo

Chukua kalamu na daftari kwanza, tupige hesabu moja kabla ya maneno mengi. Desemba 2024 dola ilishuka Tanzania mpaka kwenye 2,400 hivi, ukaagiza mabegi China ya dola 5,000, kwa hiyo imekutoka milioni 12. Nauli na ushuru tuviache kwanza ili hesabu iwe nyepesi. Ukaweka faida ya asilimia 12, mzigo ukaisha wote, ukakusanya 13,440,000, ukafurahi maana umepata zaidi ya milioni moja na laki nne. Sasa mwezi wa tano 2025 unataka kurudisha mzigo ule ule, dola imefika karibu 2,690, mabegi yale yale ya dola 5,000 yanataka 13,450,000. Yaani hela yote uliyouza, na faida ikiwa humo humo, hujala hata chapati, hujalipa fremu, hujampa kijana wa dukani chochote, na bado imepungua elfu 10.

Hapo hakuna aliyekuibia, mzigo haujadoda, mteja hajakimbia na deni. Mtaji umeliwa kwa sababu bei uliipanga kwa kuangalia ulikonunua, wakati hela yako kesho inatakiwa irudi sokoni kununua tena. Mi nauza mabegi na viatu vya kike kwa jumla Kariakoo, na hili jambo lilinichukua miaka kulielewa, na nimewaona wenzangu wachapakazi kabisa, watu wa kufungua duka saa 12 asubuhi, wanapotea sokoni kwa njia hii hii alafu ukiwauliza wanasema biashara ngumu. Ni ngumu kweli, lakini sehemu kubwa ya huo ugumu inatangazwa hadharani, tena kwa tarehe zinazojulikana, sema sisi tukisikia benki kuu au bajeti tunaona ni mambo ya wachumi na wabunge. Kwa hiyo naeleza ninavyofanya mimi, na mwenye biashara ya vipuri, mitumba au nafaka achukue kinachomfaa.

Bei ya kurudishia mzigo

Hii ndo nguzo ya yote, ukishika hii tu mengine ni nyongeza. Kila bidhaa dukani kwako iwe na bei mbili kwenye daftari. Ya kwanza ni ile uliyonunulia, hiyo ni ya kufungia hesabu na ya TRA, watu wa kodi. Ya pili ni bei ya kurudishia, yaani leo hii nikitaka kuirudisha bidhaa hii moja kwenye rafu itanigharimu kiasi gani. Unachukua bei ya kiwandani unazidisha na dola ya leo, unaongeza nauli ya leo, ushuru, gharama za kutoa mzigo bandarini na usafiri mpaka dukani, alafu unagawa kwa idadi ya vipande vizima, sio idadi uliyoagiza, maana kuna vinavyofika vimechanika au zipu haifanyi kazi. Ukishapata hiyo ndo unaweka faida juu yake.

Naifanya kila Jumatatu asubuhi kabla wateja hawajajaa. Bei ya dola naiangalia Benki Kuu alafu nauliza na bei ninayouziwa kweli benki, kwa sababu kuna vipindi hizo mbili zinaachana. Mwaka 2023 na 2024 dola ilikuwa adimu, unakuta bei ya ubaoni ni moja na ya kuipata hiyo dola ni nyingine, na bado unaambiwa subiri foleni. Kipindi kama hicho ya ubaoni haikusaidii chochote kupanga bei, panga kwa ile uliyoipata mkononi.

Najua swali linalokuja: jirani yangu ana mzigo wa zamani, anauza bei ya zamani, mi nikipandisha si nitakaa naangalia barabara? Ni kweli utapoteza baadhi ya wateja kwa wiki kadhaa. Lakini fikiria, mzigo wake unaisha, na akienda kurudisha atakutana na dola ile ile unayokutana nayo wewe, tena akiwa na hela pungufu. Mimi sipandishi kwa kishindo, naanza na bidhaa zinazokimbia ambazo mteja hana uchaguzi mwingi, zile zinazokaa kaa naziacha na bei yake mpaka ziishe. Pia wateja wa mikoani wanaouliza bei kwenye WhatsApp nawaandikia kabisa "bei hii mpaka Alhamisi". Zamani nilikuwa natoa bei Januari mtu anakuja kuidai Machi, na kwa aibu namuuzia.

Na kukopesha ndo hatari zaidi ya yote. Ukimpa mteja mzigo wa milioni 6 alipe baada ya miezi miwili, dola ikapanda asilimia 5 katikati, umempa zawadi ya laki 3 bila yeye wala wewe kujua. Mteja mzuri mkopeshe, biashara ni watu, ila fupisha siku ziwe 14 au 21 na deni usiliache livuke mzigo mmoja.

Sasa kitu ambacho wengi hawakifanyi: kanuni hii inafanya kazi pia dola ikishuka. Kenya Januari 2024 shilingi yao ilifika kama 160 kwa dola. Kila mtu alikuwa na hofu ya mwezi wa sita, maana serikali ilitakiwa ilipe deni la Eurobond la dola bilioni 2. Mwezi wa pili serikali ikauza hati mpya za dola bilioni 1.5 ili ianze kulilipa lile la zamani mapema, hofu ikaisha, na ikifika mwezi wa nne dola moja ilikuwa kwenye 130. Jamaa yangu wa Nairobi anayeleta vipuri alikuwa kanunua dola 10,000 kwa ile 160, shilingi milioni 1.6 za Kenya, vipuri vinafika Mombasa mzigo ule ule mpya ni milioni 1.3. Akashusha bei wiki hiyo hiyo, roho ikimuuma, akauza wote ndani ya mwezi, akaagiza tena kwa 130. Wenzake waling'ang'ania bei ya 160 kwa sababu "nimenunua ghali", wakakaa na vipuri mpaka wenye mzigo mpya wakawazunguka. Soko halijui ulinunua kwa bei gani. Linajua kingine kinapatikana kwa bei gani.

Dola inunue kidogo kidogo

Hapa nina kidonda. Mwezi wa tano 2025 kila mtu alikuwa anasema dola itafika 3,000, nikaogopa, nikanunua dola zangu zote 8,000 kwa siku moja kwa karibu 2,690, jumla 21,520,000. Ikifika mwezi wa kumi dola ilikuwa imerudi kwenye 2,450 hivi, ambapo dola hizo hizo ningezipata kwa 19,600,000. Tofauti 1,920,000, kodi ya fremu ya miezi, imekwenda kwa sababu ya maneno ya kwenye vibaraza. Na kosa la pili nililifanya juu ya la kwanza, nikagoma kushusha bei mpaka mwezi wa tisa.

Ningekuwa nimetazama mwaka uliopita ningejua kitu. Dola Tanzania inaingia kwa msimu. Watalii wanajaa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, Serengeti na Zanzibar, korosho inaanza kuuzwa Oktoba, tumbaku na kahawa nazo zina wakati wake, dhahabu ndo inaingiza mwaka mzima. Kwa hiyo 2024 na 2025 zote shilingi ilikuwa dhaifu nusu ya kwanza ya mwaka na ikapata nguvu nusu ya pili. Sikwambii itakuwa hivyo kila mwaka, usije ukaweka mtaji wote kwenye utabiri huo, ila mtu anayelazimika kununua dola nyingi mwezi wa tano ajue ananunua wakati ambao dola ni chache.

Ninachofanya siku hizi, mzigo wa dola 8,000 nagawa mara nne, nanunua dola 2,000 kila baada ya wiki mbili tatu kadiri duka linavyouza. Sipati bei nzuri kuliko wote, ila siwezi kupata mbaya kuliko wote pia, na usingizi unarudi. Kiwanda chenyewe kinadai sehemu kwanza, mara nyingi asilimia 30, iliyobaki mzigo ukiwa tayari, kwa hiyo hata huna sababu ya kuwa na dola zote siku ya kwanza. Kama anayekuuzia anataka yuani, muulize wakala wako wa malipo anapiga kwa kiwango gani, maana hela inabadilishwa mara mbili na kila mlango una mlinzi wake anayechukua chake.

Jambo jingine la dola ambalo ni haki yako. Tangu Machi 28, 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kutaja bei au kulipisha kwa fedha za kigeni bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Kama mkataba wako wa fremu ulikuwa wa dola, kaa na mwenye nyumba kwa heshima mwandikiane upya kwa shilingi. Na wateja wetu wa Lubumbashi, Zambia na Comoro waelekezwe wakabadilishe kwanza benki au kwenye maduka ya fedha, bei yako ya ukutani iwe ya shilingi.

Ushuru: jua namba ya mzigo wako

Watu wengi wanaleta mzigo miaka 5 na hawajui namba yake ya HS. Hiyo ni namba ya tarakimu 8 kwenye kitabu cha ushuru wa pamoja cha Afrika Mashariki, na ndo inayoamua unalipa nini. Muulize wakala wa forodha akuandikie, sio akwambie kwa mdomo, akuandikie, kwa kila bidhaa yako.

Mwaka 2005 ushuru wa pamoja ulianza na ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi na mashine, 10 kwa vitu vya katikati, 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Kuanzia Julai 1, 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa bidhaa ambazo zinaweza kutengenezwa huku kwetu, kama nguo, samani, bidhaa za ngozi, vigae, rangi, mafuta ya kula. Piga hesabu uone uzito wake. Mzigo ukiwa na thamani ya CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na bima na nauli mpaka bandarini, ya dola 10,000, kwa asilimia 25 ushuru ni 2,500, alafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 12,500 inakuwa 2,250, jumla 4,750. Kwa asilimia 35 ushuru ni 3,500, VAT inapigwa juu ya 13,500 inakuwa 2,430, jumla 5,930. Tofauti ni dola 1,180, kwa dola ya 2,600 ni milioni 3 na kitu, kwenye mzigo mmoja, na hapo sijaweka tozo ndogo ndogo kama za reli na za forodha.

Ona na hili maana linafichika: hata kama hakuna sheria iliyobadilika, dola ikipanda ushuru wako wa shilingi unapanda nayo. Zile dola 4,750 kwa 2,400 ni milioni 11.4, kwa 2,690 ni 12,777,500. Kwa hiyo dola inakuuma mara mbili, kiwandani na bandarini, ndo maana nikasema bei ya kurudishia ipigwe na vyote ndani.

VAT nayo, kama umesajiliwa unaikata kwenye ile unayokusanya kwa wateja, kama hujasajiliwa inabaki kuwa gharama yako. Tanzania Bara kiwango cha mauzo cha kulazimika kujisajili kilipandishwa kutoka milioni 100 kwenda milioni 200 kwa mwaka, hiyo ilikuwa 2023. Ukiwa unakaribia hapo kaa na mhasibu mapema, usisubiri uitwe.

Na sisi wa mizigo ya kuchanganya, tunaolipa kwa CBM, yaani kwa mita za ujazo, kila kitu kikiwa ndani, tuna tatizo letu. Ni rahisi, mzigo unafika, hujui ushuru ulikuwa kiasi gani, ila siku ya makadirio ya kodi unaulizwa karatasi za manunuzi huna hata moja, na mtu asiye na karatasi anakadiriwa kama vile mzigo aliupata bure. Dai risiti kwa anayekusafirishia. Akikataa, tafuta mwingine hata kama ana bei ya juu kidogo.

Mwezi wa sita

Bajeti zetu zinasomwa katikati ya Juni, mara nyingi nchi za jumuiya siku moja, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kati ya hotuba na Julai mosi kuna wiki mbili ambazo Kariakoo inajaa tetesi, mtu anasikia kipande redioni anakimbilia kununua. Hotuba ni pendekezo. Linajadiliwa, linabadilishwa, ndo linakuwa Sheria ya Fedha. Kenya mwaka 2024 muswada ulikuwa na kodi kwenye vitu kibao, vijana wakaingia barabarani, Juni 26 Rais Ruto akasema hausaini. Aliyekuwa amejaza stoo kwa kukopa akitegemea kodi zile alibaki na stoo na deni.

Cha kusubiri kwa sisi wa mzigo wa nje ni Gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki linalotoka mwishoni mwa Juni. Humo kila nchi inaandikiwa ruhusa za mwaka mmoja za kutoza kiwango tofauti na kile cha pamoja, ndo maana bidhaa moja inaweza kuwa na ushuru mmoja Mombasa na mwingine Dar. Mengi ni ya mwaka mmoja tu, kwa hiyo ulicholipa mwaka jana sio ahadi ya mwaka huu. Tafuta namba zako za HS humo, kazi ya saa moja tu kama namba unazo.

Namna yangu ya kuagiza kuzunguka kipindi hicho: mzigo wa kawaida naupanga uwe umeshatoka bandarini kabla ya Juni 25 hivi, au nauacha uingie baada ya Julai katikati mambo yakishatulia. Sipendi mzigo uwe baharini Juni 30 bila kujua nitalipa kiasi gani, hapo ni kama kusaini karatasi ambayo haijaandikwa.

Na ukikuta ushuru wa bidhaa yako umepanda, kabla ya kulalamika jiulize umepandishwa kumlinda nani. Ushuru wa asilimia 35 kwenye samani au nguo maana yake kuna mtu ndani anatengeneza, na serikali inataka anunuliwe. Nenda ukamtafute. Mimi sehemu ya viatu vya wazi vya ngozi nilianza kuchukua kwa mafundi wa hapa hapa, nalipa kwa shilingi, mzigo unafika ndani ya wiki, kisichouzika narudisha kikarekebishwe. Ubora unapanda na kushuka, lazima ukae nao karibu, uwapelekee sampuli na ukatae kazi mbaya. Lakini sehemu hiyo ya duka haina dola ndani yake na miezi ambayo dola inaruka ndo inayonibeba.

Mkopo na mzunguko wa mzigo

Hesabu mzunguko wako kwa siku. Kiwanda kinatengeneza wiki mbili mpaka tatu, kukusanya na kupakia, bahari mwezi na zaidi, na tangu mwisho wa 2023 meli nyingi za dunia zilipoacha kupita Bahari ya Shamu ratiba zikavurugika kila mahali, kutoa bandarini, kuuza miezi miwili. Jumla ni miezi minne mpaka mitano. Sasa unachukua mkopo wa kuanza kurejesha wiki ijayo? Utarejesha kwa hela gani, mzigo uko Bahari ya Hindi.

Mkopo wa mtaani wa asilimia 10 kwa mwezi kwa miezi mitano ni nusu ya mtaji wote umekwenda kwenye riba. Hakuna begi duniani lenye faida hiyo. Ndo maana yakaitwa kausha damu, na nasema hili kwa uchungu maana kina mama wengi ninaowauzia wamenyang'anywa makochi na friji kwa mikopo hii.

Kwenye habari utasikia Benki Kuu imebadilisha riba yake. Tanzania ilianza mfumo huo Januari 2024 kwa asilimia 5.5, Aprili ikapanda 6, Julai 2025 ikashuka 5.75. Wanakutana kila robo mwaka, Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Usidanganyike kwamba ikishuka robo asilimia na wewe utakopa rahisi, mabenki yametoza wastani wa karibu asilimia 15 kwa mwaka muda wote huo. Mi naisikiliza kwa sababu nyingine, wakipandisha inaniambia wanaona presha kwenye bei au kwenye shilingi, na hiyo ni taarifa ya kupangia dola.

Ukienda benki pigania muda kuliko riba. Omba miezi mitatu ya kusubiri kabla ya rejesho la kwanza, peleka ankara ya kiwanda na daftari la mauzo uwaonyeshe mzigo unavyozunguka. Na kabla ya benki pita halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yao kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, 4 kwa 4 kwa 2, haina riba. Ilisimama 2023 ikarudi 2024. Kikundi kinahitaji kujipanga, makaratasi ni mengi, mnachelewa, ila ni hela isiyo na riba na bado watu wanaiacha wanakwenda kwa kausha damu.

Mpaka ukifungwa

Hii ni zaidi kwa wa nafaka, matunda na wanaovuka mipaka. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, malori yakapanga foleni Namanga, baada ya siku chache ikafungua kwa masharti, mojawapo cheti cha kupima sumukuvu. Aprili 2025 Tanzania nayo ikazuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini baada ya wao kuzuia ya kwetu, ikaja kuondoa baada ya siku chache. Siku chache kwenye karatasi, ila kwa mwenye lori la ndizi au nyanya siku tatu ni mzigo wote.

Tofauti niliyoiona kati ya walionusurika na walioumia ni ndogo na inashangaza. Waliokuwa na cheti cha sumukuvu mkononi masharti yalipotoka walipita wa kwanza, na bei upande wa pili ilikuwa juu kwa sababu mahindi yamekuwa machache. Kwa hiyo karatasi unayoona haina kazi leo itafute leo, vibali vya afya ya mimea, vipimo, cheti cha uasilia kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani. Alafu usiwe na mnunuzi wa nchi moja tu. Hata kama Nairobi inalipa vizuri kuliko wote, asilimia 20 ya mzigo wako izoee njia nyingine, Rusumo, Mutukula, Tunduma, ili ukifungwa upande mmoja usianze kuuliza namba za simu.

Kwa wenye mtaji mdogo, bidhaa za Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kwa safari zinapita kwa utaratibu rahisi, unapata cheti cha uasilia kilichorahisishwa pale pale mpakani na hulipi ushuru wa forodha kama bidhaa iko kwenye orodha, ingawa kodi nyingine na vibali vinabaki. Kina mama wengi wanapita njia za panya wakiogopa ushuru ambao haupo, wanaishia kunyang'anywa mzigo au mabaya zaidi. Pita mlango mkubwa, uliza dawati la wafanyabiashara wadogo.

Amri za biashara nazo zifuatilie. Kariakoo ilifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024, moja ya malalamiko ya mara ya pili likiwa wageni kuuza rejareja, na Julai 2025 ikatoka amri ya kuzuia wasio raia kwenye aina 15 za biashara, ikiwemo jumla na rejareja ya bidhaa isipokuwa supamaketi na maduka maalumu ya jumla ya wazalishaji wa ndani. Kama ulikuwa unachukua mzigo kwa mgeni wa aina hiyo, au wewe ni Mkenya, Mganda au Mkongo mwenye duka huku, hiyo ni habari ya kukaa na mwanasheria siku inayotoka.

Daftari la ukutani

Nimebandika karatasi moja nyuma ya kaunta. Jumatatu dola na bei za kurudishia. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei za mafuta, hapo napiga simu kwa watu wa malori wa Mwanza na Mbeya kabla hawajanipigia wao, Kenya ni EPRA katikati ya mwezi. Wiki ya mkutano wa Benki Kuu nimeizungushia kalamu nyekundu. Juni imeandikwa yote. Novemba ni kuagiza kabla ya viwanda vya China havijafunga kwa mwaka wao mpya, kati ya mwisho wa Januari na Februari, wanaweza kufunga wiki kadhaa. Idi naisogeza nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, maana ukiagiza kwa kukumbuka tarehe ya mwaka jana mzigo unafika watu wameshavaa.

Kijana wangu wa dukani ndo anayejaza siku hizi, ana miaka 22, na wiki iliyopita aliniambia, "Mama, dola imeshuka wiki mbili mfululizo, hizi pochi nyeusi tushushe elfu mbili tuzimalize." Tukazishusha Jumanne. Ijumaa zilikuwa zimebaki 9.